Mafuriko ya Sabaki: unga au pesa kwa simu?

Kila Mto Sabaki unapofurika huko Kilifi, pwani ya Kenya, na watu wa Magarini wakakimbilia miinuko, mabishano ni yaleyale: wagawiwe chakula au watumiwe pesa kwa M-Pesa?

Wanaotetea pesa wana hoja. Mama mwenye watoto ndiye anayejua kama leo shida yake ni unga, dawa au sufuria, na muuzaji wa kijijini naye anapata riziki. Halafu kuna uzito wa mzigo. Kwa gramu 400 za nafaka, 60 za pojo na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku, familia ya watu sita hula kwa mwezi kilo 72 za nafaka, karibu kilo 11 za pojo na kilo nne na nusu za mafuta. Kaya 500 ni zaidi ya tani 43, zipite kwenye tope.

Ila pesa hainunui kisichokuwepo. Novemba 2023 maji yalipoharibu daraja la Mbogolo, barabara ya Mombasa na Malindi ilikatika. Duka linalongoja mzigo kutoka Mombasa likikauka, pesa za kaya 500 zikiingia siku moja zitapandisha bei tu, na wakala ataishiwa na pesa taslimu kabla ya adhuhuri. Tena kuna simu zilizolowa, vitambulisho vilivyochukuliwa na maji, na laini iliyosajiliwa kwa jina la mume aliye mbali. Jina la mpokeaji lilinganishwe na la mwenye laini kabla ya kutuma. Malalamiko yakishaanza, kurekebisha ni kazi.

Chakula nacho kina mitego yake. Mahindi mazima pasipo mashine ya kusaga hayasaidii sana. Maharagwe yanamaliza kuni, nazo zimelowa. Pojo huiva upesi. Magunia yakiwekwa juu ya saruji bila mbao chini hunyonya unyevu, yakaota kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Katika mabishano hayo maji husahaulika, nayo ndiyo huleta kipindupindu. Maji ya Sabaki ni mekundu kwa udongo, na tope humaliza nguvu ya klorini kabla haijafikia vijidudu. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa leso safi iliyokunjwa, kisha ndoo ya lita 20 itiwe dawa: kidonge kimoja cha kipimo hicho kama maji ni maangavu, viwili kama bado yana ukungu. Ingojwe nusu saa. Kugawa vidonge bila ndoo yenye mfuniko ni kazi nusu.

Kwa maoni yangu, mwamuzi ni duka. Zungukia manne matano, uliza magunia yaliyobaki, mzigo mwingine unafika lini, na bei kabla ya mvua ilikuwa ngapi. Mzigo ukifika ndani ya wiki, tuma pesa, kijiji kwa kijiji kwa siku tofauti, na uongeze ada ya kutoa. Barabara ikiwa imekatika, peleka chakula cha wiki mbili kwanza, kisha rudi madukani ukaulize tena.