Mayai ya mama na kodi ya kanisa

Mwezi wangu wa kwanza wa kazi hapa Leipzig, Ujerumani, nilikuta kwenye hati ya mshahara makato nisiyoyaelewa. Nikamwuliza mwenzangu wa zamu, akaniambia ni kodi ya kanisa. Kumbe siku ile nilipokwenda kujiandikisha manispaa na kuulizwa dini, nikajibu kwa fahari kwamba mimi ni Mlutheri, jibu langu lilifika hadi kwa watu wa kodi. Hapa jimbo la Saxony wanakata asilimia 9 ya kodi ya mapato. Kule majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni 8. Asiyetaka kukatwa huenda ofisi ya serikali akajitoa kanisani kwa maandishi, na wengi wamejitoa.

Fedha yenyewe haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nimemtolea Mungu mwezi mzima na sikuwa na habari.

Maana mimi nimekulia kwenye mnada. Aliyesali KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwetu Kilimanjaro anaujua, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Asiye na fedha huja ibadani na alichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo, maharage, maziwa. Ibada ikiisha watu hawaondoki. Wanasimama uwanjani, mzee wa kanisa mwenye sauti ananyanyua kitu kimoja kimoja na kutaja bei ya kuanzia. Mama yangu alileta mayai. Kila Jumapili mayai sita ndani ya kikapu kilichotandikwa majani makavu ya mgomba, na wiki ambayo kuku walikuwa wamegoma alileta mawili. Mwalimu mmoja alizoea kuyanunua kwa mara tatu ya bei ya sokoni, kisha anayarudisha mezani yauzwe upya, na mnunuzi wa pili anampelekea mjane aliyekuwa hawezi kutoka kitandani. Mayai yaleyale yametolewa sadaka mara mbili na bado yamemlisha mtu jioni. Mimi niliielewa ibada pale uwanjani, kabla sijajua kusoma.

Ndiyo sababu nilipofika huku niliona ubaridi mtupu. Kanisa la kukaa mamia ya watu, wameketi wazee ishirini. Namba za nyimbo zimebandikwa ubaoni, hakuna kigelegele, hakuna anayeinua mkono. Mji huu ulikaa miaka arobaini chini ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, isiyomtaka Mungu, na hadi leo wakazi wengi hawana kanisa lolote. Niliandika nyumbani kwamba hawa, ambao wamisionari wao walifika Machame mwaka 1893, wameizima taa waliyotuletea. Leo nayafuta maneno hayo, maana nilihukumu kwa masikio.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja niliyemhudumia ambaye alikuwa amesahau majina ya watoto wake, hata jina lake. Usiku mmoja alikuwa akilia, hatulii. Nikakaa kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikaanza Baba Yetu kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Akanipokea. Alisali hadi Amina bila kukosa neno, akalala. Hakuna aliyetuona. Tangu usiku ule siwezi tena kusema kwamba ukimya wa watu hawa ni utupu.

Halafu kuna kanisa la Nikolaikirche, katikati ya mji. Tangu 1982 watu walikusanyika pale kila Jumatatu kuombea amani, wakati wa utawala uliokuwa ukiwaandika majina. Tarehe 9 Oktoba 1989 walitoka ibadani na mishumaa mikononi wakakuta umati umejaa barabarani, jumla yao kama 70,000, na askari wamekwisha kupangwa. Hakuna risasi iliyopigwa. Mchungaji wa kanisa lile, Christian Führer, alieleza baadaye kwamba mshumaa unahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga upepo, kwa hiyo huwezi kuwa na jiwe. Nimekwenda pale Jumatatu saa kumi na moja jioni, maombi bado yapo. Tulikuwa wachache. Nimesali vizuri kuliko nilivyosali mahali pengi penye vipaza sauti.

Sasa niseme la nyumbani, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu nakupenda nyumbani.

Mwaka tuliokuwa tunaezeka kanisa nilituma euro 200. Niliambiwa jina langu lilisomwa la kwanza na kusanyiko zima likapiga makofi. Nilifurahi, sitaficha. Wiki chache baadaye nikampigia mama Jumapili asubuhi, nikamkuta yuko nyumbani. Jumapili iliyofuata pia, na ya tatu. Nikambana. Akasema, "Mwanangu, nitakwenda orodha ikishasomwa." Kulikuwa na orodha ya walioweka ahadi ya bati na hawajamaliza, na jina lake lilikuwemo. Mama yule aliyetembea na kikapu cha mayai miaka thelathini alikuwa anamkwepa Mungu kwa aibu ya bati tatu.

Nilimaliza deni lile siku hiyohiyo kwa simu, lakini moyo haukutulia, kwa sababu makofi yangu na aibu yake yalitoka kwenye karatasi moja. Yesu alikaa kuielekea sanduku la hazina, akawaona matajiri wakitia vingi, akamsifu mjane wa senti mbili. Alimsifu kwa wanafunzi wake, faraghani. Hakumsimamisha mbele ya watu. Wazee wangu wa kanisa, shikamooni: hesabu zisomwe, jumla itangazwe, mkaguzi aitwe. Majina ya nini?

Wapo watakaosema bila orodha watu hawatatoa. Nimeishi mahali ambapo serikali inakusanya kwa niaba ya kanisa, senti haipotei, na mabenchi ni matupu. Fedha inaweza kupatikana kwa kodi, na inaweza kupatikana kwa aibu. Mimi ninaulilia ule mnada, ambapo maskini alikuwa na kitu cha kunyanyuliwa juu na hakuna aliyeuliza kimetoka kwa nani.

Huku Oktoba kuna ibada ya shukrani ya mavuno. Madhabahu hupambwa kwa maboga, tufaha, mikate na masuke ya ngano, na baadaye vitu hivyo hupelekwa kwa wahitaji. Mwaka jana kikundi cha matarumbeta kilipiga, sauti ileile ninayoijua kutoka Moshi, kwenye ibada na kwenye mazishi yetu. Nilikuwa nimenunua mayai sita. Sikupata majani ya mgomba, nikayafunga kwa kitambaa, nikayaweka kando ya boga, nikarudi kuketi.