Mtihani wa Kiingereza unaoisha muda

Sina tatizo na Kanada kuchagua kwa pointi wageni wanaotaka kuhamia huko. Kinachonikera ni matokeo ya mtihani wa lugha kuisha muda baada ya miaka 2. Muuguzi wa Nairobi amefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, kaufanya kwa Kiingereza, ripoti za wagonjwa anaziandika kwa Kiingereza kila zamu. Bado anatakiwa alipie IELTS, mtihani wa Kiingereza, na foleni ya waombaji ikichelewa, ailipie tena! Kwani lugha huchacha kama maziwa? Tathmini ya vyeti vya shule wanaikubali kwa miaka 5. Lugha nayo ina kosa gani?

Na ukiwa unangoja, umri unakukata. Asiye na mwenzi hupata pointi 110 za umri mpaka miaka 29. Akitimiza 30 zinabaki 105, akifika 40 ni 50 tu, na 45 ni sifuri. Hapo ndipo mtu ameiva kazini, jamani.

Halafu Machi 2025 wakafuta pointi za ofa ya kazi, zilizokuwa 50 au hata 200. Walisema ni kuzuia ulaghai, na kweli kuna watu walikuwa wakiuziwa barua za kazi. Lakini yule aliyehangaika akapata mwajiri wa kweli, akaziona pointi zake zikifutwa hali bado yuko kwenye foleni, yeye alimlaghai nani? Wangewaacha waliokwisha kuingia kwenye foleni wamalize kwa masharti waliyoyakuta.