Ufundi wa Nini, Maua Si Yameshaota?

Nilisomea uhasibu, na ninalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo linalowachekesha zaidi watu wa nyumbani kwangu. Mtu aliyefunga hesabu za kampuni za wenzake kwa miaka sita bila kupotea hata shilingi alishindwa kujua kwamba ua la waridi lina bei ya Novemba na bei ya Februari.

Kazi yenyewe, ya kupamba harusi, niliipata kwa jirani yangu wa Tabata, mama mtu mzima ambaye huniita mwanangu, nami humwamkia shikamoo hata tukikutana mara nne kwa siku. Mwanawe wa mwisho alikuwa aoe Jumamosi ya tarehe 14 Februari 2015, hivyo mwezi wa Novemba niliitwa mbele ya kamati ya harusi, iliyokuwa ikikutana kwenye baa moja kila Jumapili jioni, kati ya moshi wa mishikaki na kelele za mpira. Kwa kuwa mimi ni mhasibu, niliona aibu kutaja bei kwa jicho kama wapambaji wengine. Nilipeleka profoma iliyochapwa, yenye kila kitu mstari kwa mstari: waridi 600 kwa shilingi 300 kila moja, yaani 180,000, kwa meza 30 za wageni zenye maua 15 kila moja, na 150 yaliyobaki kwa meza kuu na shada la bibi harusi, usafirishaji wa maboksi kutoka Arusha 40,000, sponji za maua 75,000, kukodi vyombo vya kioo 60,000, gari 50,000, wasaidizi wawili 40,000. Mstari wa mwisho niliuandika kwa herufi nzito: ufundi, 600,000.

Mhazini wa kamati, mwalimu mstaafu wa hisabati, alivaa miwani, akaisoma karatasi yote, kisha akaweka kidole kwenye mstari ule ule.

“Mama mpambaji, ufundi wa nini? Maua si yameshaota?”

Kamati ilicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilijaribu kueleza kuhusu kukesha, kuondoa miiba na kupanga rangi, lakini jirani yangu alinishika mkono akasema, “Mwanangu, huyu si mdogo wako?” Hapo ufundi ukashuka hadi 455,000, jumla ikawa 900,000 kamili, nami nikatia saini nikiamini kwamba bado nimewapata.

Jambo ambalo mhasibu hakuliangalia ni kalenda. Tarehe 14 Februari ni sikukuu ya wapendanao, na mashamba ya maua ya Arusha, ya Usa River na Tengeru, wakati ule yalikuwa na macho yake Ulaya, ambako waridi hulipiwa kwa fedha za kigeni. Sisi wa ndani tuligombania yaliyobaki. Tena mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18, kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya Kwaresma, na kila Mkatoliki aliyekuwa na haraka ya kuoa aliichukua. Nilipopiga simu Arusha wiki ya harusi, niliambiwa shilingi 1,000 kwa ua. Nilidhani sijasikia vizuri. Yule bwana akarudia taratibu, kwa upole wa mtu anayemfariji mfiwa. Ongezeko la 420,000 lilitoka kwenye ufundi wangu, nikabaki na 35,000.

Alhamisi jirani yangu akaja na ombi dogo. “Na kanisani je, mwanangu? Weka kidogo tu, kama nyongeza.” Nyongeza ni desturi nzuri sana kwenye fungu la nyanya. Kwenye altare na mabenchi ya mbele, nyongeza ni waridi 60.

Ijumaa jioni nikapokea maboksi Ubungo, yakiwa yametoka Arusha alfajiri chini ya gunia la viazi. Maua 30 yalikuwa yamevunjika shingo, nami sikuwa nimeagiza hata moja la akiba. Usiku ule wa joto la Dar es Salaam waridi walilala chumbani kwangu kwenye kiyoyozi, mume wangu na watoto wakalala sebuleni na feni. Umeme wa Luku ulioliwa usiku huo haumo katika hesabu hizi, kwa kuwa hata leo naogopa kuuandika.

Mpango wangu ulikuwa kuyahamisha maua ya kanisani kwenda ukumbini mara misa itakapokwisha. Nilikuwa nimeshanyanyua chombo cha kwanza pale mama mmoja mwenye kitenge cha kwaya aliponigusa bega. “Binti, hayo yameshatolewa. Hapa ni kwa ajili ya Jumapili.” Nani abishane naye mbele ya Ekaristi? Nikayarudisha, nikapiga goti, nikaondoka.

Basi kila meza ikapata waridi 12 badala ya 15, nikaziba mapengo kwa majani. Kutoka mbali palipendeza. Ila mhazini hakuwa mbali: alipita meza hadi meza na profoma yangu mkononi, akihesabu kwa ncha ya kalamu. Yamepungua 90, akasema, na kwa bei niliyoiandika mwenyewe ya 300 alinikata 27,000. Nilipomwambia kwamba nimeyanunua kwa 1,000, alinionyesha saini yangu.

Nikabaki na 8,000, na pengine ningelala nazo, lakini saa sita usiku mgeni mmoja aliniomba mfuko mkubwa. Nikampa, nikidhani anabeba keki. Asubuhi vyombo vya kukodi vilipungua 11, kila kimoja 15,000. Nilikuwa nimelipa 157,000 ili niruhusiwe kupamba harusi ya watu.

Nilimsimulia mpambaji mmoja mkongwe, akacheka hadi akatafuta kiti. Yeye huzidisha bei ya ua mara tatu, huongeza sehemu ya kumi kwa yatakayovunjika, huweka amana ya vyombo, na huipa kamati tarakimu moja tu. “Uliwaonyesha bei ya kununulia?” aliuliza, kisha akacheka upya.

Mwezi uliofuata jirani aliniita ninywe chai. Katikati ya meza yake kulikuwa na chombo cha kioo ninachokifahamu, chenye alama nyekundu ya mwenye kukikodisha chini ya kitako, na ndani yake waridi wa plastiki.

“Nimeyanunua Kariakoo, hayanyauki,” alisema kwa furaha. “Ila hayajakaa vizuri. Hivi kunipangia tu, mwanangu, utaniambia shilingi ngapi? Lakini iwe bei ya jirani.”