Kovu nyuma ya jicho: tuilaumu sindano?

Mzee jirani yetu huko Njoro aliacha sindano za jicho baada ya kudungwa ya tatu. "Zimeniletea kovu," alisema, na kila aliyemtembelea akaondoka na neno hilo. Nimelisikia Kisumu pia. Si neno la kupuuzwa, kwa kuwa hata watafiti wanabishana juu yake.

Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga; tunaitumia kusoma na kutambua nyuso. Kwa baadhi ya wazee wenye ugonjwa wa makula wa uzeeni, mishipa dhaifu ya damu huota chini yake ikichochewa na protini ya VEGF, kisha ikavuja. Mwili huuchukulia uvujaji huo kama jeraha la panga. Seli za ulinzi hufika, kemikali ya TGF-beta huongezeka, na seli zenye rangi zilizo nyuma ya retina, ambazo kazi yake ilikuwa kuzilisha seli za kupokea mwanga, huacha malezi, hubadilika umbo na kuanza kutengeneza kolajeni, nyuzi za kovu. Mguuni kovu ni kupona. Chini ya makula, kovu huzitenga seli za mwanga na chakula chao, zikafa, wala hazioti tena.

Sindano huzuia VEGF. Wanaoilaumu wanasema protini hiyo ina mwenzake, CTGF, anayejenga nyuzi. Ukiikata VEGF ghafla, mizani inaelemea upande wa kovu. Hoja hiyo ilijengwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2008, ila kwa macho yaliyoharibiwa na kisukari, si ya ugonjwa huu wa uzeeni. Tena wana takwimu nzito: katika utafiti wa Marekani uliolinganisha Avastin na Lucentis, dawa mbili za sindano hizi, karibu asilimia 32 ya macho yalikuwa na kovu baada ya mwaka mmoja, na asilimia 45 baada ya miwili, yote yakiwa yanatibiwa.

Takwimu hizo zilinitikisa. Lakini hazisemi macho hayo yangekuwaje bila dawa. Utafiti wa MARINA wa 2006 unatusaidia hapo: baada ya mwaka, takriban asilimia 95 ya waliodungwa Lucentis hawakuwa wamepoteza herufi 15 au zaidi kwenye chati, dhidi ya 62 kwa waliopewa sindano ya kuigiza, isiyo na dawa. Na katika utafiti ule wa Avastin na Lucentis, makovu yalikuwa mengi zaidi kwenye macho yaliyoanza matibabu yakiwa na majimaji chini ya makula au retina iliyovimba sana. Kwangu mimi, mkosaji mkubwa ni kuchelewa.

Hata hivyo daktari anayedunga bila kueleza kwamba kovu lililokwisha kujengeka haliondoki kwa sindano anamwachia mgonjwa ajitafutie maelezo, na maelezo ya karibu ni sindano yenyewe. Dawa ya kulifuta kovu hilo haijapatikana.

Uchunguzi wa Nakuru wa 2007–2008, kwa watu wa miaka 50 na zaidi, ulikuta asilimia 11.2 wana dalili za awali za ugonjwa huu, na 1.2 tu wamefikia hatua kali. Walio wengi bado wana muda, mradi wapime kila jicho peke yake, waone kama mistari iliyonyooka inaonekana kupinda.

Mzee wetu jicho la pili linaona. Juzi nilimwomba alifunike lile bovu kwa kiganja, atazame fremu ya mlango. Alisema imenyooka.