Huruma Iliyofungua Banzi

Jumapili iliyopita niliamka alfajiri, nikaenda kumtazama binti yangu, nikakuta banzi lake, kile kifaa kigumu kinachofungwa ili kuunyoosha mkono, limewekwa juu ya kabati na bendeji imekunjwa vizuri kando yake, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mkono wake wa kulia, ambao ulitakiwa ulale umenyooka usiku kucha, ulikuwa umekunjwa kifuani. Dada yangu, aliyetoka Ujiji kuja kutusaidia hapa Mwanga, Kigoma, hakuona sababu ya kuficha. "Kaka, mtoto amelia mpaka saa nane," aliniambia. "Ninyi mliosoma mna mioyo ya namna gani?"

Binti yangu ana miaka 6. Alimwagikiwa na uji uliokuwa ukichemka kwenye jiko la mkaa lililowekwa chini, mahali yanapokaa majiko yetu sote, na ukamuunguza upande wa ndani wa mkono kuanzia kwapani hadi chini ya kiwiko. (Kuhusu mawese aliyopakwa na majirani, badala ya kumwagiwa maji ya kawaida kwa dakika 20, nitaandika siku nyingine hasira zikiwa zimetulia.) Baada ya majuma kadhaa ya kusafishwa kidonda, alipandikizwa ngozi iliyochunwa kwenye paja lake mwenyewe. Ngozi ikashika. Siku tuliporuhusiwa, simu yangu haikupumzika: hongereni, upasuaji umefanikiwa, Mungu mkubwa.

Pongezi hizo ndizo zilizotuponza, kwa sababu zilimfanya kila mtu aamini kwamba kazi imekwisha, wakati kovu ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kazi yake. Kovu la moto hujivuta. Hujikaza polepole kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na halina habari kwamba mtoto anakua. Mfupa hurefuka, lakini kovu halirefuki nao. Lililokaa kwenye kiungo hukikunja hadi kikashindwa kunyooka, na hapo dawa inayobaki mara nyingi ni kurudi kwenye kisu. Jambo linalonikera kuliko yote ni kwamba mkao unaompa mtoto nafuu usiku, yaani mkono uliokunjwa na kubanwa kifuani, ndio huohuo utakaomlemaza. Kwa hiyo kila anayemhurumia kwa namna tuliyozoea, akamwachia alale atakavyo, akamfungulia banzi kidogo apumzike, akamlisha kwa kijiko wakati mkono anao, analisaidia kovu kumshinda mtoto. Najua maneno haya ni makali. Lakini mimi ndiye niliyeketi naye asubuhi ile, na mkono uliokuwa umefikia karibu kunyooka kabisa ulikuwa mgumu kiasi kwamba tulihitaji siku tatu kurudi tulipokuwa.

Sitailaumu familia peke yake. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa majina ya dawa, tarehe ya kurudi, na mwishoni neno moja: mazoezi. Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na mtoto akilia unafanyaje, hayo niliyapata kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, niliyemkimbilia kwenye korido akiwa na mafaili mkononi, akanifundisha kwa dakika 10 akiwa amesimama. Namshukuru. Hata hivyo, mama wa kitanda cha pili, aliyekuja na mwanawe kutoka Kibondo, zaidi ya kilomita 200, hakumkimbilia mtu yeyote; alifunga mzigo wake akaenda kupanda basi na karatasi yenye neno lilelile. Yeye aliambiwa arudi kliniki kila juma, na aliyemwambia hivyo sidhani kama aliuliza bei ya nauli.

Nyumbani tumejifunza kwa kukosea. Tunampa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, si baada ya kilio. Tunalilainisha kovu kwa mafuta na kulikanda taratibu, jambo ambalo pia humpunguzia mwasho unaomkosesha usingizi kuliko hata banzi lenyewe. Kisha nanyoosha kiwiko polepole, nakishikilia, naye anahesabu hadi 20. Siku za mwanzo alikuwa akiruka kutoka 7 hadi 15, nami nikijifanya sikusikia. Kwapa halikubali kunyooshwa kwa amri, kwa hiyo tumechora alama za mkaa ukutani, na kila jioni anajaribu kuigusa ya juu zaidi. Dawa bora kuliko zote, hata hivyo, imekuwa rede. Mtoto anayelia ukimwambia ainue mkono, ataurusha mpira wa soksi hadi upande wa pili wa uwanja endapo aliyesimama katikati ni binamu yake aliyemtania.

Nakiri kwa shingo upande kwamba dada yangu ana hoja moja. Yeye ndiye aliyekuwa macho saa nane za usiku wakati mimi nikikoroma, na mlinzi aliyelala hana haki ya kumfokea aliyekesha. Tena si kila kilio ni cha kupuuzwa: banzi linaweza kubana, ngozi mpya inaweza kuchubuka, na asiyekagua akasema "vumilia tu" naye ni mkatili. Nilipotulia nilimwita, nikamwonyesha mkono wenyewe, nikampa aukunjue yeye ili ahisi jinsi kovu linavyovuta. Hakusema neno. Alikwenda jikoni, akakaa huko kwa muda mrefu.

Jana usiku alilifunga banzi kwa mikono yake. Alikaza bendeji kama anayefunga gunia la dagaa la kupakiwa kwenye treni, na nilipogusa vidole vya mtoto nikakuta vimepoa, ikabidi nifungue na kufunga upya. Aliniangalia huku amekunja mikono, akauliza kama huruma sasa imehamia kwangu.