Mama Hana Ushago

Mama yetu amezikwa makaburi ya Lang'ata, Nairobi, kwa sababu hakuwa na ushago, yaani nyumbani kwa asili kule mashambani. Alizaliwa Pumwani, akaolewa Kaloleni, akafia Kaloleni, yote mitaa ya mjini. Wiki ile ya matanga kila aliyeingia kutoa pole aliuliza swali lilelile, "Mnampeleka lini nyumbani?" Kaka yangu mkubwa alikuwa akijibu kwa sauti iliyozidi kufifia: nyumbani ni hapahapa. Watu walitazama chini kana kwamba tumewatobolea siri ya aibu.

Mimi niko London mwaka wa kumi na tatu sasa, Stoke Newington, mtaa wenye Waturuki wengi na kodi za nyumba ambazo sizitaji nisiwaharibie siku. Dakika chache kutoka kwangu kuna makaburi ya Abney Park. Yalifunguliwa 1840, enzi ambazo viwanja vya makanisa vya London vilikuwa vimejaa hadi maiti inafukuliwa kupisha maiti, na matajiri wakaunda kampuni za kuuza makaburi pembeni mwa mji, yaliyopandwa miti kama bustani. Abney Park walipitiliza. Kitalu cha Loddiges, kilichokuwa hapo Hackney, kiliwapandia aina 2,500 za miti na vichaka kuzunguka kiwanja kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia Acer mpaka Zanthoxylum. Ukizunguka na mtoto anayejifunza kusoma, umempa somo.

Siku moja natoka sokoni nilikutana humo na kaburi la Joanna Vassa, aliyefariki 1857. Huyu ni binti wa Olaudah Equiano, yule aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akajinunua, akaandika kitabu cha maisha yake kikasomwa Uingereza nzima. Nilitua mfuko wangu wa unga na mboga, nikapiga picha, nikamtumia mdogo wangu Nairobi. Jibu lake lilikuja upesi: "Hata huyo ana jina. La mama limebebwa." Kibao cha chuma tulichomchongea mama kimeng'olewa, na sote tunajua kilikokwenda: kwenye mizani ya vyuma kuukuu. Msalaba wa saruji umebaki, na namba iliyopakwa rangi ambayo mvua moja ya Aprili imeshaila nusu.

Hapa ndipo wenzangu wa ughaibuni huanza wimbo wao, kwamba wazungu wanaheshimu wafu na sisi hatuheshimu. Siuimbi. Kampuni ya Abney Park ilifilisika miaka ya 1970, wenye hisa wakaondoka, miti ikaota juu ya majeneza, na mwaka 1978 baraza la Hackney likauchukua uwanja wote, ekari 31 hivi, kwa pauni moja. Pauni moja. Kule Highgate alikozikwa Karl Marx, upande wa magharibi ulifungwa geti 1975 kwa sababu hapakuwa na pesa. Kwa hiyo London ilitelekeza wafu wake vizuri sana, tena wafu wenye majina makubwa kuliko wetu.

Kilichobadilisha mambo si pesa, au tuseme pesa ilikuja mwisho. Walianza majirani. Highgate waliunda chama cha marafiki wa makaburi mwaka uleule wa 1975 wakaingia wenyewe kufyeka. Huku Abney Park nimewahi kwenda Jumamosi moja kujitolea. Nilipewa glavu zilizotoboka kidole na mkasi wa kukatia matawi, nikapangwa na mzee mmoja mstaafu kukata mmea mtambaazi unaobomoa mawe. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuvuta. "Usivute!" Alinishika mkono kabisa. Ukiuvuta unatoka na uso wa jiwe, na jina linatoka nao. Unaukata shina chini, unauacha ukauke wenyewe, unarudi mwakani. Nilifikiri ni mzaha. Mwakani! Lakini ndivyo kazi yenyewe ilivyo, na yule mzee alirudi mwakani.

Pesa sasa. Uingereza ina bahati nasibu ya taifa tangu 1994, na sehemu ya kila tiketi huenda kwenye mambo ya jamii, urithi wa kihistoria ukiwemo. Abney Park ilipata zaidi ya pauni milioni 4 kutoka mfuko huo, baraza likaongeza zake, na zikatengeneza kanisa dogo la katikati lililokuwa limebaki gofu, mlango mkuu, mkahawa na vyoo. Ila mfuko hautoi pesa kwa kuonewa huruma. Kwa miradi mikubwa kama hii unapewa kwanza fedha kidogo za kupanga tu: kuhesabu makaburi, kupima miti, kuuliza watu. Ukirudi na mpango ulioiva, ukaonyesha nani atalipa fundi na mtunza bustani miaka kumi baada ya utepe kukatwa, ndipo unapewa zilizobaki. Na watu wakiulizwa wanagombana! Wapo wanaotaka miti iachwe iote, popo na vigogota wapate makao. Wapo wenye jamaa zao humo wanaotaka njia ipitike kwa kiti cha magurudumu. Na wapo wanaoona kuuza kahawa makaburini ni kufuru. Mimi mwenyewe kahawa ile ilinikwama koo mara ya kwanza. Mara ya pili ilipita.

Nairobi tulianzia mwisho, kwenye pesa. Lang'ata ilifunguliwa 1958, ikatangazwa kujaa 1996, na mpaka leo bado tunazika humohumo, kaburi la muda hapa na la kudumu pale, jembe likigonga lililozikwa jana. Tulipopata fedha za makaburi mapya, mnakumbuka kilichotokea: shilingi milioni 283 zikalipwa kwa ekari 120 kule Mavoko, kwa bei iliyozidi thamani ya ardhi mara nyingi, na ardhi yenyewe ina mawe, haichimbiki. Kesi zimeenda mahakamani, watu wamehukumiwa, na hakuna hata maiti mmoja aliyepata mahali pa kulala. Niambieni, angeulizwa mchimba makaburi mmoja tu wa Lang'ata, mmoja, apande matatu mpaka Mavoko na sululu yake, si angeleta jibu kabla ya chakula cha mchana?

Wala tusisingizie jua au mchwa. Nenda Ngong Road kwenye makaburi ya vita, yaliyofunguliwa 1941. Nyasi zimekatwa, mawe yamenyooka, maua yanamwagiliwa, na watunza bustani ni Wakenya kama wewe. Udongo ni wa Nairobi, mvua ni ya Nairobi. Tofauti ni kwamba kuna tume ya Jumuiya ya Madola yenye bajeti ya kila mwaka na jukumu lisilo na mwisho. Tume hiyohiyo, ni haki niseme, ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi waliokufa Vita vya Kwanza hawakupewa makaburi wala majina. Wapagazi waliolibebea jeshi la Waingereza mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu, na moja ya alama zao Nairobi ni jina la soko tunakonunua viondo na nyama choma: Kariokor, Carrier Corps iliyotamkwa kwa midomo yetu. Nyanyangu alizoea kusema soko lile ndilo kaburi kubwa kuliko yote mjini.

Tunayo bustani yetu yenye makaburi, tena ya kihistoria. City Park, Parklands. Amelala humo Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi Februari 1965 getini kwake, na karibu naye Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyetaka azikwe jirani na rafiki yake. Kuna sanamu za mawe za wasanii wa Afrika, kuna kima wanaopora ndizi za watoto, na kuna Marafiki wa City Park waliopigana na wanyakuzi tangu miaka ya 1990. Kama si wao, leo pale pangekuwa na magorofa. Ninapoambiwa Wakenya hatuwezi, huwa nauliza mbona msitu wa Karura umewezekana. Wangari Maathai na wenzake walipigwa na magenge kule mwaka 1999, na baadaye wananchi wakakaa na idara ya misitu, wakajenga ua, wakaweka kiingilio kidogo, na sasa watu wanafunga ndoa mahali walipokuwa wakiogopa kupita.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Tatizo la Lang'ata ni kwamba hakuna anayeiita yake. Aliyepeleka mzee wake Murang'a au Siaya au Machakos anaona makaburi ya mji ni ya wasio na kwao, kitu cha kuonea huruma kidogo na kupita. Lakini wasio na ushago tunaongezeka. Watoto wenu waliozaliwa Umoja na Kayole, ambao hawajui hata njia ya kwenda shambani kwa babu, mtawapeleka wapi? Pesa si kwamba hazipo. Kodi ya kubeti inaingia kwenye hazina ya michezo, sanaa na maendeleo ya jamii. Kama vijana wanapoteza mshahara kwa goli la dakika ya tisini, sarafu mbili tatu zilinde majina ya mama zao. Na kabla ya pesa, rejista: nani amelala wapi, kwenye kompyuta, si kwenye daftari lililolowa. Kisha miti. Mimi ningeanza na rejista hata kama haipigwi picha na magazeti.

Kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na kabla ya hapo watu huitwa kwenye vikao vya wadi kusema wanachotaka. Mwaka jana nilimsumbua mdogo wangu mpaka akaenda. Alikaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki. Wa kwanza alitaka barabara, wa pili taa, wa tatu maji, wa nne barabara tena. Zamu yake ilipofika akasema makaburi, na ukumbi mzima ukacheka, si kwa ubaya, anasema, ni kama watu walioshtuliwa. Mama mmoja nyuma hakucheka. Alisimama akasema wake yuko Lang'ata pia, na hajui safu gani.

Karani aliinua kalamu akauliza hilo aliweke wapi, afya au mazingira. Hakuna aliyejua. Akaliandika chini ya "Mengineyo."