Shemeji Anapunguza Uzito wa Gari, Nyumba Yangu Inanenepa

Kama kuna mtu ana stoo ya kupangisha huku Kimara aniambie mapema, kabla sijahamia mimi mwenyewe barazani. Sina mzigo wa biashara. Nina siti ya nyuma, kapeti, plastiki za milango, shelfu ya buti, honi, spika na mota za wipa, vyote vya Toyota Starlet moja ambayo yenyewe ipo uani chini ya mwembe, imepandishwa juu ya matofali, uchi wa mnyama.

Mwenye gari ni shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu. Alimaliza chuo cha ufundi, akaja Dar kutusalimia, na salamu hiyo haijaisha mpaka leo. Alipoingia na hiyo Starlet, inavutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, nilifurahi. Nikajua kijana amepata akili, ataitengeneza apakie abiria, mwisho wa wiki atatuachia hata ya kununua nyama. Kumbe mwenzangu anataka gari la mbio! Anataka kwenda Iringa kushindana na watu wenye Subaru na Mitsubishi zinazotema moto nyuma, yeye na injini yake ya cc 1,300 iliyokuwa ikimpeleka mwalimu mstaafu sokoni na kanisani.

Sasa, sisi watu wa kawaida tukinunua gari tunaongeza. Unaongeza redio, unaongeza kava za siti, unaongeza kimanukato cha kuning'iniza pale kwenye kioo. Huyu anatoa. Nikamuuliza, shem, mbona unalibomoa zima? Akanijibu kwa upole, kwa ile sauti ya daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa, kwamba gari la mbio lazima liwe jepesi. Starlet yenyewe ni ya kilo 700 na ushee tu, nikamwambia ikiwa nyepesi zaidi ya hapo tutaifunga kwa kamba isiondoke na upepo. Hakucheka. Watu wa mbio hawacheki mtu akitaja kilo.

Ana daftari, lile la hesabu lenye viboksi. Kila kinachotoka kwenye gari kinapimwa na kuandikwa. Na kwa kuwa nyumbani hatuna mzani, anapima dukani kwa Mpemba. Nilikuwepo siku alipopeleka lami. Mnajua chini ya kapeti za magari haya kuna tabaka la lami limebandikwa kwenye bati ili msisikie kelele mkiwa ndani? Basi alilala kifudifudi mle ndani ya bodi mchana kutwa, mkono mmoja ameshika draya ya saluni ya dada yake, mkono mwingine mwiko wa chuma, anapasha, anachokoa, lami inatoka vipande vipande kama ukoko wa wali. Akaijaza kwenye mfuko wa salfeti, huyo, dukani. Mpemba akasogeza unga pembeni, akaweka lami kwenye mzani, akavaa miwani kabisa. Kilo nne na robo. Shemeji akaandika, akapigia mstari mara mbili, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Draya imeungua. Dada yake amenyamaza. Ingekuwa ni mimi nimeunguza ile draya, hadi balozi wa nyumba kumi angekuwa na taarifa.

Tena hiyo lami hakuitupa. "Shem, usitupe, inaziba paa." Haya, ipo stoo. Kapeti lipo bandani, kuku wanatagia. Honi ameifunga getini, ina betri yake kabisa, kwa hiyo mtoto wa jirani akija kuomba chumvi tunaruka wote kama tumegongwa. Siti ya nyuma ipo sebuleni, na mikanda yake, kwa sababu "ikitolewa mikanda inapoteza thamani". Siku ya kwanza niliikataa. Sasa wageni wakija wanaiwahi hiyo, sofa nililonunua kwa mkopo wa kazini linakaliwa na mito. Mjumbe wetu alikuja juzi, amekunja uso, ametumwa na majirani kuhusu kelele. Nikasema leo ndiyo leo, Mungu amesikia. Nikamkaribisha, akakaa kwenye siti ya Starlet, akaegemea, akajinyoosha, akauliza hivi hii ni ya gari gani? Wakaingia kwenye mazungumzo na shemeji mpaka adhana ya magharibi. Alipoondoka alikuwa ameahidi kuleta kijana wake ajifunze kazi.

Ukimbishia anakutolea historia. Hapo ndipo ninapokosa pa kushika, maana historia anaijua kuliko anavyojua zamu yake ya kuchota maji. Atakwambia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia wa Uingereza, inapita Kenya, Uganda na hapa kwetu enzi za Tanganyika. Atakwambia 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika, siyo mpya. Atakwambia 1993 Mkenya Patrick Njiru aliimaliza Safari na Subaru Vivio, kigari cha cc 660, nusu ya injini hii yetu. Anasema "yetu". Mimi humo nina kivuli cha mwembe tu.

Ukimwambia Toyota ndogo ni gari la kuendea sokoni, anakurukia: tangu mbio za dunia zirudi Kenya 2021, pale Naivasha, ni nani ameshinda? Toyota, mwaka hadi mwaka mpaka 2025. Gari gani? Yaris. Na Yaris kwetu si ndiyo Vitz? Na Vitz ilichukua nafasi ya nani ilipotoka 1999? Starlet! Kwa hiyo kwa hesabu zake, bingwa wa Naivasha ni mtoto wa hili linaloota kutu uani kwangu, na mzazi hawezi kushindwa na mtoto. Mimi nikiangalia Vitz za hapa Kimara, zimejaa watoto wa shule na ndoo za samaki, nashindwa hata kuanza kumjibu.

Kuna habari moja tu katika historia yake niliyoipenda. 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Nikamuuliza, na yale 77? Akasema yaliharibikia njiani. Nikamwambia heri yao waliooa katika familia hizo, gari likiwafia linafia porini.

Tukaja kwenye keji. Keji ni yale mabomba yanayofungwa ndani ya gari ili likipinduka paa lisikukute kichwani. Nikasema hapa angalau nitamsaidia, maana fundi wa mageti yupo palepale njia panda, ndiye aliyenifungia grili za madirisha, na mwizi alishazijaribu akashindwa. Fundi akaja na futi yake, akalizunguka gari, akasema hii kazi ndogo, bomba la inchi moja na nusu, nikiwawekea na maua juu itapendeza. Shemeji akatoa karatasi za FIA, wale wakubwa wa magari ya mbio duniani. Bomba liwe la chuma lisilo na mshono, unene wa ukuta milimita mbili na nusu, upana milimita 45, hilo la nyuma ya dereva. La maji halifai. La grili halifai. Fundi akanigeukia mimi, amenuna, kama vile FIA ni mimi.

Tukaenda Gerezani, kule kwa mafundi na wauza vyuma. Mnaijua Gerezani: ukitaka mlango wa meli unapata. Lakini ukisimama pale katikati ya nyundo na grainda ukauliza bomba lisilo na mshono, watu wanaacha kazi wanakuangalia. Mzee mmoja akatuambia twende kwa mafundi cherehani. Mwingine akaleta bomba la kawaida, akapitisha grainda mbele ya macho yetu, mshono ukapotea, akasema haya, halina. Mwisho tulilipata, na kwa bei yake ningeezeka upya nyumba nzima ningebakiza na ya rangi. Lilirudi nyumbani juu ya guta, mimi nikikimbia nyuma kulishika lisianguke, na viatu vya kazini.

Sasa sikilizeni hesabu. Tumechokoa lami kilo nne na robo, tumetoa siti, kapeti, redio, tumenyofoa mpaka kiwashio cha sigara. Halafu hiyo keji ikikamilika inarudisha kilo 30 na zaidi. Nilipomwonyesha hilo kwenye daftari lake mwenyewe, akasema uzito wa keji ni uzito mzuri. Ndiyo nimejua kilo nazo zina tabia. Za kwangu inaonekana zote ni mbaya, kama mtakavyosikia.

Kuchomelea kukaanza. Mashine ikivuta, taa za ndani zinasinzia, friji inakohoa, na mita ya luku inakimbia kuliko gari litakavyowahi kukimbia. Nikinunua umeme asubuhi, jioni mita inalia. Nikilalamika, simu inapigwa kijijini, na mama mkwe anataka kuzungumza nami. Mama mkwe hagombi. Anakuuliza kwanza habari ya kazi, habari ya kifua, halafu anasema, "Baba, mdogo wako huyo, mlee tu." Ukishaambiwa mlee tu unanunua luku nyingine.

Viti vya mbio navyo ni kichekesho. Nilidhani kiti ni kiti. Kumbe kina tarehe. Mikanda pia ina tarehe, miaka mitano tu, ikipita wakaguzi wanakukatalia hata kama haijawahi kufungwa. Yeye amevipata vya mtumba, na tarehe yake imeshapita zamani. Anasema vya kufanyia mazoezi. Siti ile ya sebuleni ina umri mkubwa kuliko yeye na mjumbe hakuuliza tarehe.

Kidogo nipate mwenzangu wa kunisaidia katika vita hii. Chini ya injini panatakiwa ngao ya aluminiamu, milimita sita, mawe yasitoboe sampu, lile bakuli la oili. Jioni moja tumekaa, namwona shemeji kasimama jikoni, analiangalia sufuria la shughuli. Lile kubwa, la pilau, ambalo mke wangu anawaazima watu kwa masharti. Akaligonga kwa kiungo cha kidole. Ngo. Akasikiliza. Akaligonga tena chini kidogo, akapima kitako chake kwa shubiri. Mke wangu akaacha kukatakata mchicha. Sijawahi kuona amani nyumbani kwangu kama ile dakika moja ambayo sufuria lilitishiwa: alimfukuza mdogo wake mpaka kwenye mwembe, akamsomea kila kitu, draya, luku, kuku, mpaka vitu ambavyo mimi sikuwa navijua. Nilikaa kwenye siti ya Starlet nikafunga mkanda, nikasikiliza.

Haikudumu. Kesho yake shemeji akaja na heshima zote, dada shikamoo, akamwambia gari la mbio linakaa watu wawili, na yule wa pili, navigeta, ndiye mwenye akili. Anashika daftari, anamsomea dereva njia, kila kona na namba ya ukali wake. Akampeleka kumjaribu kwenye barabara yetu ya vumbi, ile yenye makorongo, kwa Starlet ya rafiki yake. Mimi nilipanda nyuma. Jamani! "Kushoto nne, mita hamsini, kulia mbili inabana, usikate, jiwe ndani! Tuta! Tuta nimesema!" Dereva anafuata bila kubisha. Mimi miaka yote naambiwa tuta kwa sauti hiyohiyo na nilidhani ni ugomvi, kumbe mwenzangu ana kipaji. Shemeji akaegesha, akamwambia dada, umepita.

Na hapo ndipo zile kilo zilipoanza kuja upande wangu. Maana navigeta naye anapimwa. Navigeta akaamua apungue. Navigeta ndiye anayepika. Kwa hiyo sasa hivi kwangu jioni ni mchicha wa kuchemsha na tango, ugali umefutwa, wali ni Ijumaa, na ukiuliza nyama unaambiwa gari haliwezi kubeba kila mtu. Nikasema, lakini mimi si mshiriki! Shemeji akanitazama tumboni, akafungua daftari: "Shem, kwani wewe una kilo ngapi? Tukihitaji wa akiba."

Jana nimekula tango nikasema naenda kununua vocha. Nikanyoosha mpaka kwa yule kijana wa chipsi kule stendi, kona ya giza ambayo watu wa mtaa wetu hawafiki. Nikaagiza zege, mayai mawili, na mishikaki ya kusindikizia. Nageuka nitafute pa kukaa, nani yupo kwenye benchi la nyuma, kainamia sahani ya kuku nusu na chipsi, kofia ameivuta mpaka puani? Dereva.

Tulitazamana. Akameza. "Shem," akasema, "tafadhali, dada asijue."

Nikakaa mbele yake, nikasogeza chachandu upande wangu, nikamwita kijana wa chipsi. Nikamwambia aongeze mishikaki mingine, bili yote apewe huyu bwana, na akimaliza kulipa alete daftari lake hapa tuandike.